Sikio na Jicho la Mkalimani: Uhakiki wa Maandalizi ya Kusikiliza na Kusoma katika Mtihani wa Juu wa Ukalimani wa Kiingereza wa Shanghai

1. Utangulizi

Katika ufundishaji wa ukalimani, mtihani aghalabu huwa na nguvu kuliko mtaala. Mwalimu anaweza kuandika malengo mema kwenye karatasi, lakini mwanafunzi hujiandaa kwa kile atakachoulizwa siku ya mtihani, wala si kwa kile alichoahidiwa siku ya kwanza ya mwaka wa masomo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kufahamu jinsi wakalimani wa mahali fulani wanavyolelewa hana budi kuitazama mitihani yao, na hasa namna watahiniwa wanavyojiandaa kwa mitihani hiyo.

Makala haya yanahakiki sehemu mbili, kusikiliza na kusoma, za mtihani mmoja mashuhuri: ule wa Cheti cha Ukalimani wa Kiingereza, ngazi ya juu, ulioanzishwa Shanghai, nchini Uchina, katikati ya miaka ya 1990. Mtihani huo haukuhusu Kiswahili hata kidogo. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa mitihani iliyojaribu kupima sikio na jicho la mkalimani kwa maandishi, kabla ya kumruhusu afungue kinywa mbele ya watahini. Pili, tatizo uliolikabili ndilo linalowakabili walimu wa lugha katika vyuo vikuu vya Kongo tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: jinsi ya kumwandaa mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, kama lugha ya tatu au ya nne, asimame kati ya Kiingereza na lugha ya watu wake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtihani wa Shanghai ulitambua kwa usahihi kuwa ukalimani huanzia masikioni wala hauanzii mdomoni. Hata hivyo, maandalizi uliyoyazaa yalitenganisha sikio na jicho, yakamfunza mtahiniwa kukamata maneno mahali ambapo mkalimani hutakiwa kukamata maana. Anayetaka kuiga mtihani wa namna hii kwa ajili ya Kiswahili sharti ajue ni kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

2. Muundo wa mtihani

Kwa miaka mingi hatua ya kwanza ya mtihani huo, yaani hatua ya maandishi, ilikuwa na sehemu 6. Kila sehemu ilitengewa takriban dakika 30 na ilikuwa na alama 50. Jumla ya alama ilikuwa 300, na kufaulu kulihitaji alama 180. Sehemu mbili zilikuwa za kusikiliza, mbili za kusoma, na mbili za kutafsiri, moja kutoka Kiingereza kwenda Kichina na nyingine kinyume chake. Aliyefaulu hatua hiyo ndiye aliyeruhusiwa kuingia hatua ya pili, ambako alizungumza na kukalimani mbele ya watahini.

Sehemu ya kwanza ya kusikiliza ilianza kwa imla ya mapengo: mtahiniwa alikuwa na matini mbele yake yenye mapengo 20, akasikiliza matini hiyo ikisomwa mara moja tu, akajaza maneno yaliyokosekana. Yakafuata maswali 20 ya kuchagua jibu, yaliyotokana na mazungumzo, habari, mahojiano na hotuba. Sehemu ya pili ya kusikiliza ilikuwa nzito zaidi. Hapo mtahiniwa alisikiliza mhadhara akiandika vidokezo, kisha akapewa muhtasari wa mhadhara huo wenye mapengo 20 ayajaze kwa kutumia vidokezo vyake. Halafu alisikia sentensi 5 na vifungu 2 vya Kiingereza, akaviandika kwa Kichina.

Sehemu ya kwanza ya kusoma ilikuwa na matini 4 na maswali 20 ya kuchagua. Ya pili ilimtaka mtahiniwa aandike kwa Kiingereza majibu mafupi ya maswali 10. Matini nyingi zilikuwa za mtindo wa magazeti ya Uingereza na Marekani: uchumi, siasa, elimu, afya na mambo ya jamii.

Vitabu vya kozi navyo vilifuata mgawanyo huohuo. Kilikuwepo kitabu cha kusikiliza, cha kusoma, cha kutafsiri, cha kuzungumza na cha kukalimani. Vitabu 5 kwa stadi 5. Mgawanyo huu una manufaa kwa mpangaji wa ratiba. Kama unamfaa pia mkalimani, hilo ndilo suala la uhakiki huu.

3. Kusikiliza: neno au maana?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Imla ya mapengo ina sifa moja isiyokanushika: inamlazimisha mtahiniwa asikie Kiingereza kama kinavyosemwa, si kama kinavyoandikwa. Mwanafunzi aliyejifunza lugha hiyo kwa vitabu hushangaa anapogundua kwamba tofauti ya «can» na «can't» mdomoni mwa msemaji mwepesi ni ndogo mno, kwamba «fifteen» na «fifty» hutofautiana kwa mkazo zaidi kuliko kwa herufi, na kwamba silabi nyingi alizoziona wazi kwenye karatasi humezwa katika usemi. Kusikia mara moja tu nako ni sharti la haki, kwa sababu ukumbini mjumbe harudii hotuba yake ili mkalimani aielewe. Katika hilo mtihani ulikuwa mkweli kuliko mazoezi mengi ya darasani ambamo kinasa sauti hurudishwa nyuma mara tatu au nne.

Kasoro inaanza pale zoezi linapogeuka kuwa lengo. Watahiniwa walijiandaa kwa kuandika imla kila siku, kwa kukariri orodha za maneno na kwa kubuni vifupisho vya mkono ili wasipitwe na neno. Maandalizi hayo yanamjenga mwandishi wa imla. Mkalimani anahitaji jambo jingine. Danica Seleskovitch, aliyefundisha katika chuo cha wakalimani na watafsiri cha Paris na kuandika kitabu chake cha kwanza kuhusu ukalimani wa mikutano mwaka 1968, alishikilia kwamba mkalimani husikia maneno, huyaachia umbo lao lipotee, hubaki na maana, kisha huisema maana hiyo upya katika lugha nyingine. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, anayeshika umbo la maneno kwa nguvu hujizuia mwenyewe kufika kwenye maana.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari hii. Msemaji anasema: «The talks have all but collapsed.» Mtahini akiweka pengo mahali pa «all but», mwanafunzi mwenye sikio jema ataandika maneno hayo mawili bila kosa na kupata alama zake zote. Lakini mwanafunzi huyohuyo, akitakiwa kukalimani, anaweza kudhani kwamba msemaji anasema mazungumzo yamepatwa na kila kitu isipokuwa kuvunjika, kumbe msemaji anasema karibu yamevunjika kabisa. Pengo limejazwa sawasawa na maana imepinduliwa. Mtihani haukuona kosa. Wajumbe ukumbini wangeliona.

Kwa Mkongo, hatari hii huongezwa na Kifaransa, lugha ambayo kwayo alifundishwa shuleni. Akisikia «eventually», kumbukumbu yake humletea «éventuellement», na kinywa chake husema «huenda», ilhali Kiingereza kimesema «hatimaye». Akisikia «actually», hufikiria «kwa sasa», ilhali maana ni «kwa kweli». Hapa tena sikio limefanya kazi yake vizuri na imla ingeandikwa bila kosa. Kilichokosekana ni kuufuata mwendo wa hoja, ambao ungemwonyesha msikilizaji kwamba «huenda» haiwezi kukaa mahali hapo.

Hata hivyo, si haki kuitupa imla yote. Seleskovitch mwenyewe alikubali kwamba majina, tarakimu na istilahi hazipiti njia ya maana. Hizo hunakiliwa kama zilivyo. Na katika tarakimu kila jozi ya lugha ina mtego wake. Kichina huhesabu kwa makundi ya 10,000 na ya 100,000,000, hivyo mkalimani wa Shanghai anayesikia milioni 350 hulazimika kupanga upya sufuri kichwani kabla ya kusema. Mkongo naye ana mtego wa namna nyingine: «billion» ya Kiingereza cha leo ni 1,000,000,000, ambayo Kifaransa huiita «milliard», ilhali «billion» ya Kifaransa ni 1,000,000,000,000. Kiswahili cha Afrika Mashariki, kwa neno «bilioni», kimefuata Kiingereza. Mkalimani aliyesoma hesabu kwa Kifaransa akisahau jambo hili katika kikao cha bajeti, atakosea mara 1,000. Kwa tarakimu na majina, basi, imla ya mapengo ni zoezi halali na la lazima. Kosa lilikuwa kulifanya zoezi linalofaa kwa tarakimu liwe kipimo cha kusikiliza kwa jumla.

4. Vidokezo na pengo lililojazwa na mtahini

Zoezi la kuandika vidokezo linastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndilo lililokaribia zaidi kazi halisi ya ukalimani fuatizi. Mtahiniwa hakuona matini. Alisikiliza na kuandika, na tegemeo lake likawa akili yake na karatasi yake. Mpaka hapo hakuna la kulaumu.

Lawama inakuja baada ya sauti kunyamaza, pale mtahiniwa alipopewa muhtasari uliokwisha kuandikwa na mtahini. Katika muhtasari huo mapengo aghalabu yalidai nomino, vivumishi na tarakimu. Viungo vya hoja vilikuwa tayari vimewekwa: «lakini», «kwa sababu hiyo», «ijapokuwa», «endapo». Kwa maneno mengine, mtahini alikwisha kuifanya kazi ngumu zaidi, yaani kutambua jinsi wazo moja linavyosimama juu ya jingine, akamwachia mtahiniwa kazi ya kuokota maneno.

Ukilinganisha jambo hili na mafundisho ya Jean-François Rozan, tofauti inaonekana mara moja. Rozan, katika kitabu chake kidogo kilichotoka Geneva mwaka 1956, aliweka kanuni 7 za kuandika vidokezo. Ya kwanza inataka liandikwe wazo, si neno. Nyingine inahusu viunganishi, na nyingine ukanushi. Zingine zinaelekeza vifupisho, mkazo, na kupanga vidokezo wima na kwa mteremko ili jicho lione hoja kabla ya kusoma maneno. Alama alizozipendekeza zilikuwa 20 tu, na kati yake alizihesabu 10 kuwa za lazima kweli. Maandalizi ya watahiniwa wengi yalikwenda kinyume cha roho hii: alama nyingi, vifupisho vingi, na shauku ya kutopoteza neno hata moja, kwa kuwa neno lolote lingeweza kuwa ndilo lililofichwa katika pengo. Mtu aliyeandika vidokezo kwa kanuni za Rozan, akashika hoja na kuacha kivumishi kimoja kisicho na uzito, angeweza kupoteza alama. Aliyeandika rundo la maneno yasiyo na uhusiano angeweza kuzipata.

Dawa haiko mbali. Ingetosha kubadilisha mapengo: mtahiniwa apewe muhtasari wenye nomino na tarakimu, aweke yeye viungo na ukanushi. Au, bora zaidi, apewe karatasi tupu aandike muhtasari wake katika sentensi zisizozidi 8. Kusahihisha kutachukua muda mrefu zaidi, na hii huenda ndiyo sababu mitihani yenye watahiniwa wengi huikwepa njia hiyo. Lakini vyuo vyenye wanafunzi wachache havina udhuru huo.

Ama kuhusu sentensi 5 na vifungu 2 vilivyosikilizwa na kuandikwa kwa lugha ya mtahiniwa, hilo ndilo zoezi bora kuliko yote katika hatua ya maandishi. Hapo pengo halikuwepo, wala chaguo la A, B, C na D. Aliyeelewa aliandika alichoelewa, na asiyeelewa alionekana. Aliyejua «all but» kwa sikio tu angeumbuka hapo. Ikiwa kuna sehemu moja ya mtihani wa Shanghai inayostahili kuhamishiwa katika ukalimani wa Kiswahili bila kubadilishwa sana, ni hii.

5. Kusoma: jibu lililotangulia swali

Katika sehemu ya kusoma, maandalizi yaliyoenea ni yale yanayojulikana katika mitihani mingi ya lugha: soma maswali kwanza, kisha rudi katika matini kutafuta mahali jibu lilipo. Kwa maswali 20 katika takriban dakika 30, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali pamoja na kusoma matini yenyewe, ni vigumu kumlaumu mtahiniwa kwa kuchagua njia hiyo. Ratiba ndiyo iliyomsukuma.

Lakini njia hiyo inamfundisha tabia ambayo kazini haina matumizi. Mkalimani hapewi maswali. Hupewa hati, mara nyingine siku moja kabla ya kikao, mara nyingine dakika chache kabla msemaji hajasimama, na ni juu yake kuamua lipi lina uzito. Swali la mtahini humwambia msomaji: hapa pana jambo muhimu. Hati ya mkutano haimwambii mtu neno kama hilo. Kwa hiyo uwezo ambao kusoma kwa mkalimani hutegemea zaidi, yaani kupima uzito wa sehemu za matini bila kuelekezwa, ndio ambao maswali ya kuchagua hayaupimi kabisa.

Sehemu ya pili ya kusoma, iliyodai majibu ya maandishi, ilirekebisha kasoro hii kwa kiasi. Maswali yake aghalabu yalimtaka mtahiniwa aeleze maana ya kauli fulani, au sababu ya mwandishi kusema alivyosema. Hapo mtu hawezi kubahatisha herufi. Hata hivyo, swali bado lilimwelekeza kwenye aya, na jibu liliandikwa kwa Kiingereza hichohicho. Mtahiniwa hodari aliweza kuazima maneno ya matini, kuyageuza kidogo, na kuyarudisha kwa mtahini bila kuthibitisha kwamba ameelewa. Laiti jibu lingetakiwa katika lugha yake mwenyewe, mlango huo ungefungwa.

Kasoro kubwa zaidi ni kutenganishwa kwa kusoma na kusikiliza. Katika kazi ya mkalimani, kusoma ni maandalizi ya kusikiliza. Daniel Gile, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu misingi ya kuwafunza wakalimani na watafsiri, alieleza ukalimani kama juhudi kadhaa zinazogombea nguvu moja ya akili: juhudi ya kusikiliza na kuchambua, ya kumbukumbu, ya kutoa usemi, na ya kuziratibu zote hizo. Jumla yake ikizidi uwezo uliopo, mkalimani huanguka, na aghalabu huanguka si pale palipokuwa pagumu bali sentensi moja au mbili baadaye. Basi kila istilahi iliyosomwa jana, kila jina la mahali lililotafutwa kwenye ramani, hupunguza mzigo wa sikio leo. Jicho hulipa sehemu ya deni la sikio mapema.

Kama hoja hii ni sahihi, mtihani unaofaa ungempa mtahiniwa matini asome kwa dakika 20, kisha umsikilizishe hotuba juu ya jambo hilohilo, lakini yenye msimamo tofauti. Hapo ingeonekana iwapo kusoma kwake kumemsaidia kusikia, au kumemfanya asikie alichotarajia badala ya kilichosemwa. Kadhalika ungekuwa na zoezi la kukalimani matini kwa kuitazama, ambapo jicho linasoma lugha moja huku kinywa kikisema nyingine. Mtihani wa Shanghai, kwa ustadi wake wote, katika hatua ya maandishi uliviweka kusikiliza na kusoma katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

6. Hesabu ya alama

Jambo dogo la hesabu linafaa kutajwa kwa kuwa linagusa uadilifu wa cheti. Kwa kuwa alama za sehemu 6 zilijumlishwa na kufaulu kulihitaji 180, mtahiniwa aliyepata 40 katika kila moja ya sehemu 4 za kusoma na kutafsiri, na 10 tu katika kila moja ya sehemu 2 za kusikiliza, angekuwa na 160 na 20, yaani 180 kamili. Kwa hesabu hiyo, mtu asiyesikia vya kutosha angeweza kuvuka hatua ya maandishi kwa nguvu ya kalamu yake.

Itajibiwa kwamba hatua ya pili, ya mdomo, ingemkamata. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshelezi. Mtahiniwa huyo atakuwa amepoteza miezi mingi akidhani yuko karibu na kazi ambayo hajaianza, na darasa lake litakuwa limejifunza kwamba sikio linaweza kufidiwa na jicho. Katika ukalimani sikio halifidiwi. Mtihani wowote wa namna hii sharti uweke alama ya chini ya lazima katika kusikiliza, hata kama jumla ni kubwa kiasi gani.

7. Funzo kwa ukalimani wa Kiswahili

Sasa yafaa kuuliza: ni nini katika haya yote kinachobadilika pale lugha lengwa inapokuwa Kiswahili? Yanayobadilika ni mengi kuliko inavyodhaniwa, na matatu yanastahili kutajwa.

La kwanza ni la kisarufi. Kiingereza hutanguliza sifa na kuchelewesha nomino. Msemaji anaweza kusema kwamba serikali imetangaza «a new, costly and hotly disputed...» na kutua kidogo kabla ya kutaja kitu chenyewe. Mkalimani wa Kichina hana shida na mpangilio huo, kwa kuwa Kichina nacho hutanguliza vivumishi. Taabu yake iko katika vishazi virejeshi, ambavyo Kiingereza huviweka baada ya nomino na Kichina kabla yake. Mkalimani wa Kiswahili hawezi hata kuanza. Atasema jipya, kipya au mpya? Ikiwa ni daraja, ni jipya. Kituo, ni kipya. Mkataba au sheria, ni mpya. Upatanisho wa ngeli unamzuia asitoe kivumishi hata kimoja mpaka nomino ifike. Kwa hiyo kumbukumbu yake hubeba sifa 3 au 4 mikononi huku sikio likiendelea kupokea. Maandalizi ya kukamata neno na kuliandika papo hapo, kama yale ya imla, hujenga haraka mahali ambapo Kiswahili kinadai subira. Mtihani wa kusikiliza kwa ajili ya Kiswahili ungepaswa kupima subira hiyo waziwazi.

La pili linahusu upande wa pili wa safari, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Shahidi anasema: «Aliniambia nisimame.» Kiswahili hakisemi kama aliyeamuru ni mwanamume au mwanamke, Kiingereza hudai kujua. Sikio peke yake, hata liwe kali namna gani, halitalipata jibu ambalo halikusemwa. Jibu linaweza kuwa katika hati za kesi, ambazo mkalimani alizisoma au hakuzisoma. Huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba jicho na sikio ni kazi moja. Tena si mfano wa kubuni tu kwa ajili ya darasa. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ambako kesi ya Thomas Lubanga ilianza kusikilizwa Januari 2009, lugha za kazi ni Kiingereza na Kifaransa, na miongoni mwa mashahidi walikuwepo waliosema Kiswahili cha Kongo. Neno moja lililowekwa jinsia isiyo yake linaweza kuupa ushahidi sura ambayo shahidi hakuikusudia.

La tatu ni la lafudhi na lahaja. Watahiniwa wa Shanghai walijiandaa zaidi kwa redio na magazeti ya Uingereza na Marekani, na kwa biashara ya mji wao huenda hilo lilifaa. Kiingereza anachokutana nacho mkalimani wa Kongo ni kingine. Ni cha Mkenya na Mganda huko Arusha, cha Mnigeria katika Umoja wa Afrika, cha maofisa kutoka India, Pakistan, Afrika Kusini, Malawi na Tanzania waliohudumu katika vikosi vya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Mwanafunzi ambaye sikio lake limelelewa na sauti za London pekee hufika kazini akiwa nusu kiziwi bila kujijua.

Na hilohilo lasemwa kuhusu Kiswahili chenyewe. Anayesema «banakuya» na anayesema «wanakuja» wanaleta habari ileile, lakini mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu tu huweza kumsikia wa kwanza kama mtu anayekosea, na anayemsikia mtu kama mkosaji hamsikilizi vizuri. Mahakama iliyotajwa hapo juu ililitambua jambo hili ilipotofautisha Kiswahili cha Kongo na Kiswahili sanifu katika huduma zake za ukalimani. Chuo kikuu kilichoko Kongo hakiwezi kuwa nyuma ya mahakama iliyoko Uholanzi katika suala la lugha ya mtaa unaokizunguka.

8. Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kuushusha mtihani wa Shanghai. Mtihani huo uliweka wazi kwamba kusikia mara moja ni sharti la kazi, kwamba kuandika vidokezo ni stadi inayopimika, na kwamba msomaji aandike jibu lake badala ya kubahatisha herufi. Hayo ni mafanikio, na mitihani mingi ya lugha katika vyuo vya Afrika bado haijayafikia. Kasoro zake zimetokana zaidi na uhitaji wa kusahihisha karatasi nyingi kwa haraka: pengo ni rahisi kusahihisha kuliko hoja, na herufi ni rahisi kuliko sentensi.

Ikitokea siku moja idara ya Kiswahili nchini Kongo ikatunga mtihani wake wa ukalimani wa Kiingereza na Kiswahili, itakuwa na nafasi ya kuanza pale wenzao wa Shanghai walipoishia. Ibaki na usikilizaji wa mara moja na tafsiri ya kilichosikika. Imla iwe ya tarakimu, majina na istilahi tu. Muhtasari uandikwe na mtahiniwa, si na mtahini. Matini ya kusoma iongoze kwenye hotuba ya kusikiliza. Pawe na alama ya chini ya lazima katika usikilizaji, na sauti za kusikilizwa zitoke katika nchi ambazo mkalimani atafanya kazi nazo.

Hayo hayahitaji mitambo mingi. Yanahitaji walimu wanaokubali kusahihisha kwa taratibu, na wanafunzi wanaokubali kwamba mtihani mgumu darasani ni afadhali kuliko kosa moja mbele ya hakimu, pale ambapo mtu anayesema Kiswahili hana njia ya kujua kama alichokisema ndicho kilichosikika.